Juisi Huanzia Sokoni

Mashine ya kukamua juisi ni miongoni mwa vyombo vinavyonunuliwa kwa furaha kubwa na kuachwa mapema. Nimeiona juu ya makabati ya jikoni katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, imerudishwa ndani ya boksi lake, nzima kabisa. Ukimuuliza mwenye nyumba atakwambia kuiosha ni kazi, au umeme unasumbua. Yote ni kweli. Lakini mkikaa mkazungumza zaidi atafika kwenye sababu yenyewe: inakula matunda. Karoti kilo nzima zinaingia, na kinachotoka ni kama nusu lita. Glasi moja ya juisi ya machungwa inataka machungwa matatu hadi manne. Piga hesabu hiyo kwa nyumba ya watu sita, kwa bei ya matunda yaliyopangwa kwenye rafu chini ya kiyoyozi, utaelewa kwa nini boksi limepanda juu.

Ya kwetu Tabata haijapanda, na mshahara unaoiendesha ni wa kawaida. Inafanya kazi kwa sababu soko la Buguruni lipo karibu. Baada ya kuishi na chombo hiki miaka kadhaa, ninaamini kwa dhati kwamba anayetaka juisi nyumbani ajifunze soko kwanza, kisha ndipo aulize mashine ipi ni nzuri. Na soko linafundisha mengi yanayozidi juisi.

Ukiingia sokoni na orodha uliyoiandika nyumbani, utailipia orodha hiyo. Soko lina orodha yake. Machungwa ya Muheza hushuka kwa wingi kuanzia katikati ya mwaka, na wakati huo hata kwenye genge la mtaani unayakuta yamemwagwa chini juu ya turubai kwa sababu meza haitoshi. Maembe hutawala kuanzia Novemba. Kuelekea Desemba mananasi ya Kiwangwa, kule Bagamoyo, yanajaa kila kona, na kijana wa mkokoteni anakuita yeye kabla hujamwita. Karoti za Lushoto zipo mwaka mzima, ila masika yakikolea na barabara za milimani zikaharibika, fungu linapungua huku bei ikibaki palepale. Anayeng'ang'ania embe mwezi Juni atalipata, lakini atalipa pesa ambayo ingemnunulia machungwa ya wiki nzima.

Zamani watoto wangu walikuwa wakiuliza leo tutakunywa juisi gani. Siku hizi wanauliza sokoni kuna nini. Nalifurahia sana badiliko hilo dogo, kuliko hata juisi yenyewe. Mtoto anayeuliza hivyo ameshaelewa kwamba dunia haikupangwa kumsubiri yeye, na kwamba kila kitu kina wakati wake wa kuwa kingi. Wengi wetu tumelichelewa somo hilo. Tunalazimisha ndoa, nyumba, biashara, kila kimoja kwa gharama ya nje ya msimu, kisha tunashangaa mbona maisha ni ghali.

Mbali na msimu, kuna saa. Malori yanayosafiri usiku hushusha mzigo alfajiri, na bei ya saa hiyo ni ya tenga na gunia. Mtu mmoja hawezi kumaliza tenga la machungwa kabla halijaharibika, ndiyo maana sisi majirani tunachanga: mmoja anakwenda, mzigo unagawanywa uani, kila mtu anaondoka na beseni lake. Nafuu yake inaonekana hata baada ya kutoa nauli na ujira wa mbeba mzigo. Jioni ni habari nyingine. Kuanzia saa kumi na moja hivi, muuzaji anayatazama matunda ambayo hayatafika kesho, na mafungu yanaanza kunenepa bila wewe kusema neno. Tunda lililoiva mno kwa mtu anayetaka kuliweka mezani siku tatu ndilo tunda la kukamua leo usiku. Mashine haitazami sura ya ngozi.

Lakini kuiva si kuoza, na tofauti hiyo ni lazima ijulikane. Alama ya kugongwa njiani unaikata kwa kisu na maisha yanaendelea. Tunda lenye ukungu usilikate, litupe, kwa kuwa kwenye tunda laini ukungu huwa umeingia ndani kuliko unavyoonekana kwa nje. Embe lenye tundu dogo kama la sindano, pembeni pakiwa pamelainika, mara nyingi lina funza wa inzi wa matunda. Linalonuka pombe limeshaanza kuchacha. Hayo hayaingii jikoni kwangu hata ya bure.

Kuna mama wa makamo ninayenunua kwake mapesheni. Jioni moja nilimkuta akimwelekeza kijana aliyekuwa akichagua yale yanayong'aa, ya mviringo safi. "Hayo mazuri ya kuangalia, mwanangu. Chukua haya ya makunyanzi, ndiyo yenye utamu." Akalishika moja lililosinyaa, akaliminya kwa vidole gumba viwili mpaka likapasuka katikati, akampa. Kijana alinyonya, akanyamaza, akaanza kurudisha yanayong'aa moja moja. Mama yule alikuwa anasema kitu chenye maelezo. Pesheni likikaa baada ya kuchumwa, maji ya ganda hupungua na ngozi hukunjamana, huku ndani ukali ukipoa na utamu ukikolea. Kipimo ni mkono: likiwa na uzito, nunua, likiwa jepesi, muda wake umepita. Na kwa kuwa wateja wengi huyakimbia yenye makunyanzi, huuzwa kwa bei ya chini. Yaani utamu zaidi kwa pesa kidogo, kwa sababu tu watu wanachagua kwa macho.

Chungwa nalo linadhulumiwa vivyo hivyo. Chungwa letu la pwani huiva likiwa bado la kijani, kwa kuwa rangi ile ya njano iliyokolea hutokea usiku unapokuwa na baridi, na usiku wa Tanga hauna baridi hiyo. Ndani limeiva kamili. Nimewaona watu wakiliruka chungwa la Muheza kwa kudhani ni bichi, wakaenda kununua lililovuka mpaka kwa sababu tu lina rangi. Chungwa lichukue mkononi: zito kwa umbo lake na lenye ngozi laini na nyembamba ndilo lenye maji. Inanihuzunisha kuona kitu kizuri cha kwetu kinashindwa kwa rangi ya ganda ambalo hata haliliwi.

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi, nalo ni namna tunavyopunguziana bei. Jioni, muuzaji ameshashusha mwenyewe. Fungu la elfu mbili limekuwa la elfu moja. Bado anakuja mteja mwenye gari, dirisha nusu, anataka la elfu moja liwe la mia tano. Mteja huyohuyo kwenye duka kubwa husoma kibandiko cha bei na kwenda kulipa kimya. Yule muuzaji aliamka saa tisa usiku. Amelipia tenga, ushuru wa soko na kijana wa kubeba, na machungwa ya chini kabisa ya tenga aliyakuta yamepondeka. Nyuma yake yupo mkulima, ambaye huenda alifungiwa lumbesa: gunia limejaa, likashonewa kilemba juu yake, naye akalipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, lakini kila msimu bado inalalamikiwa. Kwa hiyo bei rahisi tunayoisherehekea mjini, pengine kuna mtu ameshailipia shambani. Mimi natafuta nafuu kwenye msimu, kwenye saa na kwenye kununua kwa pamoja. Siitafuti kwenye jasho la muuzaji.

Na kuna malipo yake. Ukiwa mshitiri wa mtu, unayeheshimu bei yake, anaanza kukulinda. Anakuwekea tangawizi kabla haijapanda bei. Anakwambia, "Leo usichukue tikiti, haya yamekaa juani siku mbili." Mwenye biashara anapokukataza kununua mali yake mwenyewe, umepata kitu ambacho hakipatikani kwa kupunguziwa mia tano.

Kuhusu mashine zenyewe sina mengi, maana si hapo ugumu ulipo. Za bei nafuu zina kisahani cha chuma chenye meno kinachozunguka kwa kasi, kinasaga tunda na kulirusha kwenye chujio. Maji yanapita, makapi yanabaki. Ni nzuri kwa karoti, tango, nanasi, bitiruti. Juisi yake inatoka na povu jingi na hewa nyingi, hivyo inywewe hapohapo. Zile za mwendo wa taratibu, zinazobana kwa parafujo, hukamua vizuri zaidi hasa majani kama mchicha, lakini bei yake ni kubwa na sioni sababu ya mtu kujinyima kodi ya nyumba kwa ajili yake. Embe lililoiva, papai, parachichi na ndizi usiziingize humo kabisa. Utapata uji ulioziba chujio. Hizo ni za blenda. Na chujio lioshwe kwa brashi kabla hata hujanywa, kwa sababu nyuzi za karoti zikishakauka kwenye vile vitundu, kazi ya dakika mbili inakuwa ya nusu saa. Wakati wa mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 tulikamua machungwa kwa kikamulio cha mkono, kile cha kubonyeza kwa mpini kama cha vijana wa barabarani, na hakuna aliyelalamika. Usafi ndio usiojadiliwa: juisi haichemshwi, kwa hiyo maji ya kuoshea matunda na ya kutengenezea barafu lazima yawe salama. Jiji hili linaujua kipindupindu.

Ninalolitafakari mara kwa mara ni kiasi. Machungwa manne ukiyamenya na kuyala, utachoka kutafuna na tumbo litasema basi. Yakikamuliwa unayamaliza kwa pumzi chache, na tumbo halikupata nafasi ya kusema lolote, kwa sababu nyuzi zinazoshibisha zimebaki kwenye mashine. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa, bila kuongezwa chochote, ina sukari gramu zaidi ya 20. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linaihesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kuongeza kwenye chai, na linashauri zote kwa pamoja zisizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50. Ndiyo maana nyumbani kwetu glasi za juisi ni zile ndogo, sukari haigusi jagi, na karoti na tango huwa nyingi kuliko nanasi. Mwenye kisukari katika familia yetu hula chungwa lenyewe. Nimeona watu wakiigeuza juisi kuwa dawa ya kila ugonjwa, wakaacha vidonge walivyoandikiwa, na hilo nalipinga kwa nguvu zote. Balungi, kwa mfano, linajulikana kuingiliana na baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kushusha mafuta mwilini. Anayetumia dawa amuulize daktari au mfamasia kwanza.

Makapi hayatupwi. Ya karoti tunayachanganya kwenye unga wa chapati, zinatoka na rangi nzuri, au kwenye katlesi pamoja na viazi. Maganda ya nanasi yaliyosuguliwa vizuri yanachemshwa na tangawizi na mdalasini, yakichujwa na kupozwa yanakuwa kinywaji ambacho wageni hukiulizia. Yanayobaki ni ya kuku wa jirani, naye hutukumbuka kwa mayai. Nikijumlisha chapati, kinywaji cha maganda na mayai hayo, kilo ya karoti iliyotoa nusu lita haionekani tena kuwa hasara.

Kama unafikiria kununua mashine mwezi huu, ahirisha kidogo. Nenda kwanza soko lililo karibu nawe, iwe Buguruni, Mabibo, Ilala, Temeke au la mtaani kwako, alfajiri na tena jioni. Uliza bei. Jua tunda gani liko kwenye msimu wake. Zungumza na jirani mmoja au wawili kuhusu kuchanga tenga. Tafuta muuzaji wa kumwamini, umlipe anachostahili. Ukishampata, nunua mashine unayoimudu, hata kama ni kikamulio cha mkono.