Pwani ya makayabu: tuijue Norwe, tuijue Ulaya

Katika safari zetu za kuijua dunia, wiki hii tunaingia Ulaya, na tunapita mlango ambao kila mama wa Likasi anaujua: makayabu. Samaki huyu tunayemlaza katika maji usiku, kisha tunampika na nyanya na vitunguu ili aliwe na bukari, hatoki katika Lufira wala Tanganyika. Ni samaki wa bahari ya baridi, na Norwe ni moja ya nchi zinazomtuma Kongo.

Tufungue ramani. Watoto wetu husema "Bulaya" kana kwamba ni nchi moja. Ni bara lenye nchi zaidi ya 40, kila moja na sheria zake. Ubelgiji tunaujua kwa historia yetu. Hata mji wetu uliitwa Jadotville. Norwe iko juu kabisa, kaskazini. Ina watu kama milioni 5 na nusu na mfalme wao. Mara mbili, 1972 na 1994, wananchi walikataa kwa kura kuingia katika Umoja wa Ulaya. Wanawake wote wa huko wanapiga kura tangu 1913.

Sisi Wakongo tuna pwani fupi, kama kilometa 40 tu, kule Muanda. Pwani ya Norwe, ukihesabu visiwa na kila mkono wa bahari unaoingia kati ya milima, inapita kilometa elfu 100. Uzuri wake mkubwa uko kaskazini, katika visiwa vya Lofoten. Milima inasimama wima kutoka majini, theluji ikiwa juu. Chini yake kuna nyumba nyekundu za wavuvi, zilizojengwa juu ya nguzo ukingoni mwa maji. Tangu mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai jua halizami, hata saa sita ya usiku. Mwezi wa Desemba ni kinyume: kwa wiki kadhaa jua halionekani. Hata hivyo bahari haigandi, kwa kuwa mkondo wa maji ya uvuguvugu unafika kutoka kusini.

Ndiyo sababu kuna samaki. Kati ya Januari na Aprili, morue wanakuja Lofoten kutaga mayai, na wavuvi wanawafuata katika baridi na upepo. Wengine wanatundikwa juu ya miti bila chumvi hadi wakauke; hao hupendwa sana Nigeria. Wengine, pamoja na ndugu yao aitwaye sei, wanatiwa chumvi na kukaushwa. Zamani walitandazwa juu ya miamba ya pwani, na kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na watoto: kutandaza asubuhi, kugeuza, kukusanya haraka mvua ikitisha. Leo mashine zinakausha ndani ya viwanda.

Katika bandari ya Svolvær, huko Lofoten, kuna sanamu ya mke wa mvuvi. Amesimama akiielekea bahari, mkono juu, akimwaga mumewe. Wengi hawakurudi. Sisi ambao waume na vijana wetu wanashuka mashimoni kuchimba shaba na kobalti, tunamwelewa mama huyo bila mkalimani. Jioni tunatazama barabara kama yeye alivyotazama maji.

Basi, wamama, mtoto akikuonyesha kwenye simu picha za milima na theluji, usimkataze kupenda. Ni kazi nzuri ya Mungu. Lakini mwambie pia habari ya baridi, giza la Desemba na mikono iliyopasuka kwa chumvi. Ulaya si bustani ya kuokota feza. Ni mahali ambapo watu wamefanya kazi ngumu kwa vizazi vingi, wanawake wakiwa mbele. Akitaka siku moja kufika huko, na aende na masomo, hati za kweli na ufundi mkononi.

Na tukirudi jikoni: makayabu alowekwe usiku kucha, maji yabadilishwe mara mbili au tatu. Chumvi nyingi hupandisha tansio, na tunataka wamama wetu waishi siku nyingi.