Meno ya Watoto Wetu na Mabuyu ya Madrasa



Wiki hii tunaandika jambo lisilotupa sifa, lakini huenda likawafaa wazazi.

Kwa zaidi ya miaka 20 tumekuwa tukisomesha watoto madrasa hapa Mombasa. Muda wote huo tulikuwa na ada moja: mtoto akihifadhi sura, hutiwa mabuyu au peremende mkononi. Watoto walifurahi, wazazi walishukuru, nasi tukajiona tunawapendezesha kusoma Qur'ani. Mjukuu wetu wa kike, mwenye umri wa miaka sita, alipata kuliko wenziwe, kwani hata nyumbani akisoma baada ya Isha, babu hakukosa kitu mfukoni. Mara nyingi alilala nacho mdomoni.

Mwezi wa Shaaban uliopita aliamka usiku akilia, shavu limevimba. Kulipokucha tukampeleka kwa daktari wa meno. Magego mawili yalikuwa yameoza, na moja halikuwa na dawa ila kung'olewa. Daktari, binti wa umri wa wanetu, akauliza kwa adabu, “Sheikh, ni nani ampaye vitu vitamu usiku?” Kabla hatujajibu, mtoto alitunyooshea kidole: “Babu.”

Alasiri ya siku ile tulikuwa na darasa la twahara, na somo lilikuwa fadhila za mswaki. Tukawaeleza watoto kwamba Mtume (S.A.W.) aliupenda mswaki hata angaliuamrisha kwa kila Sala, lau si kuchelea kuutia umma wake uzito. Somo likaisha, na mkono wetu, kwa mazoea, ukaenda mfukoni kutafuta mabuyu. Hapo tuliona haya. Ulimi ulikuwa ukifundisha hili na mkono ukifundisha lile, na mtoto hufuata mkono.

Daktari alitufunza mengi. Vijidudu vya mdomoni huigeuza sukari kuwa tindikali inayokula jino, na usiku mate hupungua, basi madhara huzidi. Wengi wetu husema meno ya utoto yataanguka tu. Kumbe meno hayo 20 ndiyo yanayoshika nafasi ya meno ya ukubwani. Tena, mtoto afikapo kiasi cha miaka sita, gego la kudumu humwota nyuma kimyakimya, na hilo likioza halina badali. Mtoto huyu apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi isiyozidi punje ya mbaazi, na mkubwa amsaidie mpaka afike miaka saba hivi.

Katika mafunzo ya Mtume (S.A.W.) tunao mfano wa namna ya kufundisha. Umar bin Abi Salama, aliyelelewa nyumbani kwake, alikuwa akila huku mkono wake ukizunguka sahani nzima. Mtume alimfunza palepale, wakiwa wanakula: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Hakumkaripia. Umar alisimulia baadaye kwamba tangu siku ile ndivyo alivyokula daima.

Nasi tumeifuata njia hiyo. Siku hizi mtoto akihifadhi sura, yeye ndiye huwaongoza wenziwe katika dua ya kufunga darasa. Wiki ya kwanza kijana mmoja alituuliza, “Maalim, kwani mabuyu yamekwisha sokoni?” Tulicheka, tukamweleza kisa cha gego. Nyumbani, kabla ya kulala, mjukuu wetu hushika mswaki wake wa dukani, nasi tukashika wetu wa mti, tukasimama pamoja penye birika. Tukichelewa, yeye ndiye hutuita.

Mama zetu, tunajua mtoto aliapo jikoni nanyi mna kazi, peremende ni njia ya mkato. Hatuwalaumu, maana sisi tuliipita miaka mingi. Lakini pengo la mjukuu wetu litakaa miaka kadhaa, na kila acheckapo twaliona.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na ayafanye matendo yetu yafanane na maneno yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.