Kutafuta hitilafu kwenye Land Cruiser ya mjomba

Leo naomba tuweke kando seva na hifadhidata, tuzungumzie injini. Usikimbie hata kama huna gari. Kazi yenyewe ni ileile tunayoifanya kila siku mbele ya tarakilishi: kitu kimeharibika, kila mtu ana maoni yake, na wewe unatakiwa useme tatizo liko wapi hasa.

Gari lenyewe ni pikapu ya Land Cruiser ya miaka ya 1990, zile ambazo bado utaziona popote barabara ilipo mbovu. Ni ya mjomba wangu huko Kinangop, kaunti ya Nyandarua. Injini yake ni 1HZ ya dizeli, lita 4.2, silinda sita kwa mstari, ambayo Toyota ilianza kuitoa mwaka 1990. Haina kompyuta ya kupima mafuta yanayoingia. Hakuna mahali pa kuchomeka kifaa usomewe namba ya hitilafu. Una macho, masikio, pua na spana, basi.

Kila asubuhi pikapu hii hubeba maziwa ya mjomba na ya majirani wanane hadi kituo cha kupozea. Maziwa hayasubiri mtu. Yakichelewa, yakapimwa kwa spiriti na kuganda, yanakataliwa, na mkulima anarudi nyumbani na mitungi yake ikiwa imejaa. Julai 2024, baridi ikiwa kali, gari likaanza kugoma. Siku nyingine liliwaka mara moja. Siku nyingine stata ilizunguka hadi betri ikachoka, na likiwaka linakohoa, linatoa moshi mweupe, kisha linatulia kama halikuwa na neno. Ndani ya wiki mbili maziwa yalikataliwa mara tatu.

Fundi mmoja wa mjini aliinua boneti, akasikiliza kidogo, akasema ni pampu ya dizeli. Itolewe, ipelekwe Nairobi ikafunguliwe yote. Shilingi 85,000. Mjomba hakuwa nazo, ila alikuwa na mtamba mwenye mimba ya miezi sita. Mnunuzi alikuwa anakuja Jumamosi. Mimi nilifika Jumapili iliyotangulia, nikiwa na likizo ya wiki moja.

Kabla ya kushika spana nilimwuliza, "Mjomba, ni siku zipi hasa linakataa?"

"Mpwa wangu, hayo nilishayasema. Nikiliegesha pale juu karibu na zizi, asubuhi ni vita. Nikiliacha kule chini langoni, halinisumbui. Wakanicheka, wakasema gari halijui limelala wapi."

Sisi tunaoandika programu tungelipia maneno kama hayo. Mara nyingi mtumiaji hukwambia tu "haifanyi kazi" kisha anakata simu. Huyu alikuwa amenipa hali kamili ambamo hitilafu hutokea. Karibu na zizi gari hulala pua ikitazama mlimani, na tangi liko nyuma, kwa hiyo liko chini ya injini. Langoni hulala pua ikitazama bondeni, tangi likiwa juu.

Kwa wasiojua, pampu ya injini hii huvuta dizeli yenyewe kutoka tangini. Njia yote hadi kwenye pampu hufanya kazi kama mrija wa soda. Ukinyonya soda kwa mrija wenye tundu, soda haimwagiki. Kinachotokea ni kwamba unanyonya hewa. Vivyo hivyo gari linaweza kuwa na tundu na chini pasionekane hata tone moja la mafuta. Na dizeli haiwashwi kwa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi iwe moto sana, kisha mafuta hupulizwa humo kwa shinikizo kubwa. Hewa ikifika kwenye pampu, inabanika tu, shinikizo halipatikani, nozeli hazifunguki.

Hiyo ilikuwa nadharia. Nadharia haimwokoi mtamba, kwa hiyo tukaanza kupima.

Kwanza, hita plagi. Nilizipima zote sita kwa mita na zilikuwa nzima. Baridi peke yake haikuwa sababu.

Pili, kuirudia hitilafu kwa makusudi. Usiku wa Jumapili gari lililala likitazama mlimani, Jumatatu bondeni, Jumanne mlimani, Jumatano bondeni. Hatukubadilisha kitu kingine chochote. Tuliamka saa kumi alfajiri ili likigoma tupate muda wa kulisukuma mteremkoni. Lilipolala likitazama mlimani liligoma mara zote mbili. Lilipotazama bondeni liliwaka papo hapo mara zote mbili. Mjomba hakusema kitu, ila alitembea kuelekea mitungini akipiga mluzi.

Tatu, kugawa njia vipande viwili. Wanaotumia git wanaijua amri ya bisect: una mabadiliko 1,000, hujui ni lipi lililoleta balaa, unapima la katikati, unatupa nusu, na ukipima mara 10 hivi umelipata. Njia ya dizeli ni fupi zaidi: tangi, mpira, bomba la chuma, mpira, chujio lenye pampu ya mkono, mpira, pampu kubwa, nozeli. Alhamisi jioni nilikata njia hiyo mbele ya pampu kubwa. Nikafunga mtungi wa lita tano wenye dizeli safi juu ya bodi, mbali na egzosti, nikaleta mpira wake hadi kwenye pampu na kurudisha mpira wa mafuta yanayorudi ndani ya mtungi huohuo. Gari likalala karibu na zizi, pua mlimani.

Ijumaa alfajiri liliwaka kabla stata haijazunguka mara mbili. Pampu ya shilingi 85,000 ilikuwa nzima, na nozeli pia. Ugonjwa ulikuwa nyuma yake.

Nne, kuona kwa macho. Nilirudisha kila kitu mahali pake, ila kati ya chujio na pampu nikaweka mpira mweupe unaoonyesha ndani. Mapovu yakapita kama ya soda. Nikauhamisha nyuma ya chujio, mahali pa mpira wa zamani. Mapovu bado. Basi chujio halikuwa na kosa, wala mpira ule. Kilichobaki ni bomba la chuma na kipande cha mpira pale tangini, kifupi kama kidole. Nilipokitoa na kukikunja, kilikuwa na nyufa chini ya klipu, upande usioonekana. Uzee tu. Mpira mpya wa dizeli na klipu mbili: shilingi 450.

Usiku huo gari lililala pua mlimani, likawaka. Jumamosi mnunuzi alikunywa chai akaondoka bila mtamba.

Jumatatu, kabla ya kurudi kazini, nilimpelekea fundi kile kipande. Alikigeuzageuza, kisha akaniomba ule mpira mweupe abaki nao. Nilimpa kwa furaha. Mtu aliyezoea kuona pampu mbovu kila wiki ana haki ya kuishuku pampu kwanza. Alichokosa ni kipimo cha bei nafuu cha kuhakikisha kabla ya kufungua.

Injini na programu hazilingani kwa kila kitu. Programu ninaweza kuirudisha ilivyokuwa jana. Pampu ikishafunguliwa imefunguliwa, na mtamba akishapanda lori la mnunuzi harudi. Ndiyo maana penye chuma kipimo kinatangulia spana. Na kipimo cha kwanza hakigharimu chochote: muulize mwenye gari, kisha amini alichokiona, hata kama maelezo yake yanachekesha. Mjomba alikuwa na jibu tangu siku ya kwanza. Hakuwa na mtu wa kuligeuza kuwa jaribio.

Una gari la dizeli linalogoma asubuhi? Ligeuze pua leo usiku, kisha uniandikie kesho. Hadi wakati mwingine.