Stadi za Maisha katika Darasa la Kifaransa: Kumbukumbu za Mwalimu

Mwalimu ambaye maisha yake ya kazi yanasimuliwa hapa alianza kufundisha Kifaransa katika shule za upili za Kenya wakati mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, ungali mchanga, na kama wenzake wengi alitegemea mbinu ya sarufi na tafsiri, yaani ile inayomtaka mwanafunzi akariri minyambuliko ya vitenzi na kufasiri sentensi zilizotungwa ili kuthibitisha kanuni. Wanafunzi wake waliimudu karatasi ya mtihani, lakini hawakujua namna ya kumwomba msemaji arudie walipokosa kumwelewa, stadi ambayo mtu huihitaji katika lugha yoyote.

Kilichombadilisha ni hesabu zaidi kuliko nadharia. Kipindi cha dakika 40 kikigawanywa kwa wanafunzi 50, kila mmoja hupata sekunde 48 za kuzungumza, tena iwapo mwalimu mwenyewe atanyamaza, jambo ambalo walimu hawalipendi. Ndipo akageukia kazi za wawili wawili zenye pengo la taarifa, ambapo kila mwanafunzi hupewa sehemu tu ya habari na hana budi kuuliza ili apate iliyobaki: mmoja ana ratiba ya mabasi ya kutoka Nairobi hadi Kigali kupitia Kampala, mwenzake anajua nauli na fedha zilizopo, na ni lazima waafikiane kuhusu safari. Mwalimu mkuu mmoja aliyaita mabishano hayo kelele. Yaliendelea hivyo hivyo.

Mfumo wa Pamoja wa Ulaya wa Marejeo ya Lugha, uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ulimpatia istilahi ya zoezi alilolithamini kuliko yote, nayo ni upatanishi, yaani kumfikishia mtu ujumbe uliotolewa kwa lugha asiyoijua. Mwanafunzi aliyesoma maelezo ya dawa kwa Kifaransa, kisha akamweleza kwa Kiswahili mwenzake aliyeigiza bibi mgonjwa, alilazimika kuamua lipi litangulie, lipi liachwe na lipi lisiachwe kamwe, huku akitazama kama bibi anaelewa.

Mtaala wa Umilisi, uliotekelezwa katika madarasa ya chini kuanzia 2019, unataja umilisi wa kimsingi saba, ukiwemo wa mawasiliano na wa fikra makinifu. Mwalimu huyu anauunga mkono, ila anawaomba wasimamizi wa elimu wapunguze kwanza idadi ya wanafunzi darasani kabla ya kurefusha orodha ya stadi.