Gishwati haikuwa na wakili

Miaka ya 1980 nilikuwa utingo wa lori la mbao. Tulipakia katika msitu wa Gishwati hapa Rwanda, tukateremka kupitia Nyundo sambamba na mto Sebeya, tukashusha Gisenyi mjini. Mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulikuwa ukigeuza msitu kuwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya misonobari. Kwetu vijana ilikuwa neema: kazi haikukatika.

Walioumia kwanza ni Watwa, wenyeji wa msitu huo. Siku moja mzee wao alimwuliza mpimaji wa ardhi wa mradi, taratibu kabisa, akitaka kushtaki aende wapi. Watu wakacheka. Mpimaji hakucheka. Alisema hajui, akaendelea kupigilia vigingi vyake.

Hakuwa akimdanganya. Sheria kuu ya mazingira ya Rwanda ilikuja mwaka 2005, na kufikia hapo msitu uliokuwa na takriban hekta 28,000 miaka ya 1970 ulikuwa umebakiza kama 600 tu. Sehemu ilimezwa na mradi, sehemu ikaenda baada ya 1994, wakimbizi waliorejea walipotafuta pa kuishi. Hao siwalaumu, wangelala wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa nikifuata bidhaa Kampala, na huko ndiko nilikosikia habari za wakili Kenneth Kakuru. Katiba ya Uganda ya 1995 ilitoa haki ya kuishi katika mazingira safi, tena ikaruhusu mtu kwenda mahakamani kuwatetea wengine. Kakuru na shirika lake, Greenwatch, hawakuiacha ikae kabatini. Walidai mkataba wa umeme wa bwawa la Bujagali uwekwe wazi, na mwaka 2002 Mahakama Kuu ikatamka kuwa ni hati ya umma. Wakaishtaki serikali kwa ajili ya mifuko ya plastiki, ile Waganda waiitayo kaveera. Hukumu ikatoka 2012!

Hapa kwetu watu hutamba kwamba mifuko hiyo tuliipiga marufuku 2008 bila kesi yoyote. Ni kweli, na akina mama wavukao kutoka Goma wanajua inavyosakwa mpakani. Amri ilitosha. Lakini Gishwati nayo ilikatwa kwa amri, na siku ile hakutokea wa kuipinga mbele ya jaji.

Kakuru aliteuliwa jaji wa Mahakama ya Rufani mwaka 2013, akafariki Machi 2023. Mei ya mwaka huohuo Sebeya ilifurika usiku. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 nchini, na Rubavu, wilaya ya Gisenyi, ni miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Gishwati-Mukura ilikwisha kufanywa hifadhi ya taifa kwa sheria ya 2015, ila sehemu kubwa ya milima ile ilikuwa mashamba na malisho tangu zamani.

Nyinyi wajukuu zetu mnaosomea sheria Huye, itafuteni hukumu ya Bujagali muisome.