Maharage, mkaa na luku ya pamoja

Jamani wadau, kila nikisoma makala za nyumba rafiki kwa mazingira nakutana na sola juu ya paa na bustani uani. Sisi wapangaji wa chumba na sebule hapa Dar, paa si letu, na bustani ni ndoo mbili za mchicha. Kwetu habari yote iko jikoni. Kwa tanuri la kienyeji, kilo moja ya mkaa huweza kula hadi kilo kumi za kuni, na maharage yanataka masaa mawili na zaidi. Jiko la presha la umeme huyaivisha ndani ya saa moja, na haifiki hata uniti moja. Nimepima mwenyewe.

Sasa mbona kwenye korido yetu ninalo peke yangu? Luku! Ni moja kwa vyumba sita, na tunachanga sawasawa. Dada wa chumba cha pili aliniuliza, "Mdogo wangu, mimi na mkaa wangu nikulipie maharage yako?" Haki yake kabisa.

Mkakati wa serikali wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Safi sana, ila mkakati huo haulipi luku yetu. Tumekubaliana kuchangia mita ndogo kwa kila chumba. Fundi yuko tayari. Mwenye nyumba bado "anafikiria".