Moshi wa Mafiga

Mtu akitaja habari ya hewa chafu, wengi wetu hufikiri viwanda vya Ulaya na vya China, vyenye mabomba marefu yanayotoa moshi mchana na usiku. Bunia hatuna viwanda vya namna hiyo. Tuna vumbi, hasa Januari na Februari, na vumbi hilo twalinung'unikia kila siku kwa kuwa laonekana juu ya nguo za misa. Moshi wa jikoni haunung'unikiwi na mtu. Tulizaliwa ndani yake, mama zetu walipika ndani yake, na macho ya bibi kizee yakiwa mekundu twasema ni uzee tu.

Waganga wanaochunguza mambo hayo wasema sivyo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu ya kuwa katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka mitano. Sababu yake ni hii: chembe za moshi ni ndogo mno. Zile mbaya kabisa ni nyembamba kuliko unywele mara thelathini, wala pua haiwezi kuzizuia. Zashuka hata chini kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Hapo mtoto hushikwa na kichomi. Mama hupata kikohozi kisichokwisha, au mtoto wa jicho, au ugonjwa wa moyo. Na mwenye mimba aweza kuzaa mtoto mwepesi kupita kiasi. Sisi makatekista twaingia katika nyumba nyingi za wagonjwa, na mara nyingi twasikia jirani fulani akitajwa kuwa ameroga. Ingefaa kwanza kuinua macho na kutazama dari la jikoni lilivyo jeusi.

Na makaa, yaani makala kama tusemavyo hapa? Ni kweli moshi wake ni kidogo kuliko wa kuni. Lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200, na usiku wa mvua baridi huuma. Basi mtu huingiza mbabula chumbani, hufunga mlango na dirisha, akalala. Wako waliolala hivyo wasiamke tena. Mbabula yenye moto isilale ndani ya nyumba, hata kama makaa yamekwisha funikwa na majivu.

Sasa twafika penye neno gumu. Ni rahisi kumwambia mama: pika nje, nunua kuni kavu, tafuta jiko lililo bora. Lakini tangu Desemba 2017 mapigano yamewatoa watu vijijini mwao, kwanza katika Djugu, kisha kwingineko. Katika Ituri nzima waliokimbia walipita milioni 1, na wengi walikuja kukaa Bunia katika vibanda vya turubai. Kibanda hicho ni jiko, ni chumba cha kulala, ni ghala. Mvua ikinyesha moto huwashwa ndani, tena kwa kuni mbichi, au kwa plastiki na matambara, kwa maana wako wanawake waliokwenda mbali kutafuta kuni wasirudi. Kumhubiria mama wa namna hiyo juu ya hewa safi, na mikono yetu mitupu, ni kumwongezea mzigo. Hana kosa lolote la kuonywa.

Kwa hiyo maneno yetu yawaelekee wengine. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, namba 20, alitaja waziwazi moshi wa kupikia na wa kuotea moto, na jinsi hewa mbaya inavyowaumiza hasa maskini. Tena Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 53, yampa kila mtu haki ya kukaa mahali penye afya, na wajibu wa kupatetea. Basi tukiwaendea wakubwa wa mji na wale wanaoleta misaada, hatuendi kuomba sadaka. Twataka majiko yenye paa, yasiyo na kuta, karibu na vibanda. Twataka kuni kavu zigawiwe pamoja na unga. Twataka takataka za soko zizolewe, zisichomwe katikati ya watu. Na umeme je? Mtambo wa Budana, juu ya mto Shari, ulijengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu. Mama wengi wa Bunia hata leo wapuliza moto.

Katika mashirika yetu ya parokia yako madogo ya kufanya tangu wiki hii: kuanika kuni chini ya paa, kuloweka maharagwe usiku kucha ili yaive upesi, kufunika chungu, kumpa dada mtu mtoto mchanga wakati mama anapochochea moto.

Na mtoto akikohoa, mhesabieni pumzi kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Wa miezi miwili hata chini ya mwaka mmoja, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Wa mwaka mmoja hata mitano, 40 au zaidi. Vilevile kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi. Apelekwe kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni Jumapili kabla ya misa.